Kikombe cha Maua na Vihisi Arobaini na Vitatu

Mimi ni mtu wa mpangilio. Nasema mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Stoo ya maabara yetu naitunza huu mwaka wa kumi na tisa, na ndani yake hakuna skrubu isiyo na kikasha wala kikasha kisicho na lebo. Ndiyo maana wakaniita Bwana Lebo. Sikasiriki. Wa kukasirika ni yule anayezunguka nusu saa akitafuta bisibisi, na mimi bisibisi sijawahi kuitafuta.

Sasa mtu wa namna hiyo umweke jengo moja na Shangazi! Meza yake ilikuwa dhambi. Vipande vya waya, maganda ya machungwa, koili zisizojulikana zimetoka wapi, kalamu tano ambazo nne ni zangu, na katikati ya vurugu zote hizo kikombe cha chai kilichopoa tangu juzi. Nilimgombeza kwa miaka. Yeye alinitazama tu juu ya miwani, miwani ya pili ikiwa imemkaa kichwani, akasema, "Mdogo wangu, siku ukifa watakukuta umeshajibandika lebo." Jina la Shangazi alilipata kwa binti wa kaka yake, ambaye zamani alikuwa karani wetu na alimwita hivyo kila saa mpaka na sisi tukazoea. Karani akahama, ushangazi ukabaki.

Baba yake alikuwa fundi redio. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana, na huyu binti alikulia kwenye matumbo ya redio kama wengine wanavyokulia shambani. Akiwa na miaka kumi aliweza kusikia redio inakoroma akakwambia ni spika imechanika au ni kitu kingine. Shule aliishia pale walipoishia wengi wa rika lake. Akaja kwetu kuchomelea nyaya kwa mwezi mmoja, akakaa miaka thelathini na mmoja. Profesa wetu mwenyewe, mama mwenye shahada ukutani za kutosha kupaka chumba, mara ya kwanza kushika chuma cha lehemu alishikishwa na Shangazi, akaungua kidole, akaambiwa apulize aendelee.

Kazi yetu ni kutengeneza kamera, ila si za harusi. Hizi zinatazama mbinguni na kupokea joto hafifu mno ambalo jicho haliwezi kuliona. Ndani yake mna vihisi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, na vimetengenezwa kwa madini ambayo ukiyapoza karibu na mwisho kabisa wa baridi yanapitisha umeme bila kizuizi hata chembe. Hapo kihisi kinakuwa chepesi kushtuka: mwanga kiduchu ukikigusa, umeme wake unabadilika. Tatizo ni nyaya. Kila waya unaoingia ndani ya friji unaingia na joto lake, na vihisi viko mia tano kumi na viwili. Ukikipa kila kimoja waya wake, friji inageuka jiko. Kwa hiyo vihisi mia moja ishirini na vinane vinatumia waya mmoja, na kila kimoja kina mlio wake, masafa yake, kama stesheni za redio. Waya unabeba milio yote kwa mpigo, na huku nje mashine zinaitenganisha.

Haya nilielezwa na watu wenye digrii tatu tatu nikatoka kapa. Shangazi ndiye aliyenifungua macho, tena kwa dakika mbili, huku anamenya chungwa.

"Sisi nyumbani tulizaliwa tisa," alisema. "Mimi wa saba. Tulilala chumba kimoja, na jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Mama akiwa jikoni anatusikia wote tisa tunapiga kelele kwa pamoja, na kila mmoja anapewa jibu lake. 'Wewe, mrudishie mwenzio shuka. Wewe huumwi tumbo, unakwepa shule. Wewe nyamaza, hakukupiga sana.' Haoni mtu hata mmoja! Ukuta mmoja, sauti tisa. Basi mashine zetu ni Mama, na ukuta ndio waya."

Halafu akanisimulia kikombe. Mama yake alikuwa na kikombe cha maua mekundu, alichopewa na mama yake mzazi siku ya harusi, na alikiweka kwenye rafu iliyopigiliwa kwenye ukuta ule ule wa mbao. Watoto waliruka ruka chumbani kila siku, kila mtu kwa wakati wake, na kikombe hakikutikisika. Jioni moja mmoja wao akasema hebu turuke kwa pamoja tuone. Akahesabu moja, mbili, tatu. Tisa wakatua chini kwa kishindo kimoja, na kikombe kikaja sakafuni vipande vipande.

"Watoto wale wale," Shangazi alisema, "miguu ile ile, kuruka kule kule. Tofauti ni kwamba tulitua pamoja." Mama alipouliza nani kaanzisha, hakuna aliyefungua mdomo. Wote tisa wakala mwiko sawasawa, bila upendeleo.

"Na aliyehesabu ni nani?" niliuliza.

Akageuka nyuma kutazama mlango, kana kwamba mama yake yuko koridoni. "Mimi," akanong'ona. "Na mpaka leo hajui."

Nilicheka mpaka nikakohoa, nikarudi stoo, nikasahau.

Kazi kubwa ya Shangazi ilikuwa kwenye mashine tuliyoiita cherehani. Inashona nyuzi za aluminiamu nyembamba kuliko unywele, kutoka kwenye kihisi mpaka kwenye njia yake ya umeme, na mshonaji anaangalia kwa darubini huku pumzi ameibana. Kila kihisi nyuzi mbili. Piga hesabu mwenyewe: mishono elfu moja na ishirini na nne kwa kamera moja. Kamera ninayotaka kuisimulia aliishona kwa wiki tatu, mwaka jana, akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

Katika wiki ya pili alikuja dirishani kwangu kuomba rola la pili la uzi. Nikashtuka. Miaka yote kamera moja ni rola moja, na linabaki.

"La kwanza limeenda wapi?"

Aliweka mkono wa kushoto juu ya kaunta, akaunyoosha vidole. Kidole cha shahada kilikuwa kinatikisika, kidogo kidogo, chenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu miezi minne. Kuna asubuhi hautetemeki kabisa. Ukianza naacha, nakata uzi, narudia. Usimwambie mtu. Hii ni ya mwisho kwangu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nilimwambia.

"Basi kiniumbue kamera ikishaondoka."

Nikampa rola. Kwenye daftari nikaandika: rola la pili, matumizi ya kawaida. Ndio uongo wa kwanza niliowahi kuuandika katika daftari lile, na ulinikera kuliko kokoto kwenye kiatu.

Sasa nimlete na Pasi, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Huyu alikuwa mhandisi wetu wa programu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mashati yake yamenyooka hata mikunjo ya mikono inaweza kukukata. Ndiye aliyetunga na kutuma ile milio mia moja ishirini na minane katika kila waya. Meza yake ilikuwa na kompyuta, kikombe kimoja, na basi. Nilimpenda kama mdogo wangu wa damu. Wiki moja kabla ya kupoza friji alikuja stoo akijipangusa mikono kama mtu aliyetoka kufua.

"Bwana Lebo, nimemaliza kuisafisha programu aliyoniachia mwenzangu. Ilikuwa jalala! Nimetupa takataka zote, sasa inang'aa."

Nilimpongeza kwa dhati. Nikampa kalamu mpya.

Jumanne asubuhi friji ikafika kwenye baridi yake, baada ya siku tatu za kunguruma. Tulikusanyika wote mbele ya skrini: Profesa, Shangazi, Pasi, na mimi niliyejifanya nimekuja kuhesabu viti. Pasi akabonyeza. Vihisi vikaanza kuwaka kijani, mraba mmoja baada ya mwingine, mistari na mistari, kijani, kijani. Halafu mwekundu. Kijani, kijani, mwekundu. Skrini ilipotulia, Profesa akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Arobaini na vitatu vimenyamaza," alisema.

Wenye darubini kubwa ya mlimani, huko kamera ilikokuwa inakwenda, walitaka visipungue mia nne na tisini vinavyosema. Sisi tulikuwa na mia nne sitini na tisa. Sanduku lilikuwa lichukuliwe Jumatatu, na Profesa alipaswa kuwapigia simu Alhamisi saa nne asubuhi: ndiyo, au hapana. Kufungua friji ni siku mbili za kuipasha, kushona upya, na siku tatu za kuipoza tena. Haiwezekani. Tukisema hapana, nafasi inachukuliwa na kamera ya chuo kingine, na zamu yetu inarudi baada ya miaka mitatu. Miaka mitatu, na Shangazi alibakiwa na mmoja.

"Vimetawanyika kila mahali," Profesa alisema taratibu. "Hii inaonekana kama nyuzi zimeachia." Hakumtazama Shangazi wakati anasema, na kule kutomtazama ndiko kulikokuwa kubaya.

Shangazi alikuwa ameutia mkono wa kushoto mfukoni. "Mpige mmoja peke yake tusikie," akamwambia Pasi. "Hawa walionyamaza, mmoja mmoja."

"Programu yangu haipigi mmoja mmoja, Shangazi. Inapiga wote pamoja. Ndio uzuri wake. Kuibadilisha ni kazi ya wiki."

Jumatano alishinda na daftari lake la mishono, anafunua kurasa zenye madoa ya chai, anazilinganisha na ile miraba miekundu. Mchana hakula. Jioni niliona si vizuri aende peke yake, nikamsindikiza mpaka kwake, ghorofa ya pili, mlango wa buluu. Mama yake anaishi naye, ana miaka tisini na mmoja, macho yamefifia lakini masikio, jamani! Hatujafungua mlango tukamsikia kutoka ndani: "Leo umekuja na mwanamume anayeburuza mguu wa kulia."

Mimi siburuzi mguu. Nilijichunguza kesho yake kwenye kioo cha mlangoni. Naburuza.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Kisha akamgeukia binti yake. "Sauti yako imekaa vibaya. Nini?"

"Hakuna, Mama. Kazi."

"Hm," alisema mama mtu, na ile "hm" ilikuwa na kurasa kama kumi.

Shangazi alinitoa mpaka kwenye ngazi. Hapo ndipo alipolisema. "Mimi sijali kustaafu. Sijali hata kamera ikibaki. Nataka kujua kitu kimoja tu: ni mkono wangu au si mkono wangu? Nimeshona mishono elfu na zaidi, na sijui hata mmoja kama niuamini." Nilimshika bega, nikashuka ngazi, nikiusikiliza mguu wangu wa kulia.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa dirishani kwangu kabla sijavua koti.

"Naomba ile oskiloskopu ya zamani."

Oskiloskopu ni ile mashine yenye kioo kidogo, inayokuchorea umeme unavyopanda na kushuka. Hiyo anayoisema ilikuwa na kioo cha kijani na vitufe vikubwa kama vifuniko vya chupa, na ilikuwa kwenye rafu ya chini, na nilikuwa nimeibandika lebo: YA KUTUPWA.

"Hiyo imeshafutwa kwenye orodha," nilisema. "Kuitoa kunahitaji fomu ya..."

"Bwana Lebo."

Nikampa. Nikaibeba mwenyewe, tena ilikuwa nzito kama ndoa mbaya.

Tukaiunga mahali milio yote inapotokea kwenye kisanduku cha Pasi, baada ya amplifaya inayoikuza, kabla haijaingia kwenye friji. Pasi alikuja amepiga shati jeupe, akasimama nyuma yetu kifua mbele. "Shangazi, unatafuta nini huko? Tazama kwenye skrini yangu." Kweli, skrini yake ilikuwa inapendeza: mistari mia moja ishirini na minane imesimama sambamba, kitana kizima kisicho na jino lililovunjika. Mimi mwenyewe niliiona nikasema moyoni, hapa hakuna kosa.

Shangazi akawasha kioo cha kijani. Kikapata moto taratibu. Kukatokea mstari uliolala, karibu umenyooka kabisa, halafu mwiba. Mstari umelala, halafu mwiba. Mwiba mrefu mmoja, kila baada ya kitambo kidogo, na juu ya kila mwiba pameparazwa bapa.

"Kichwa cha huu mwiba kiko wapi?" aliuliza.

Pasi akakodoa macho. "Kichwa gani?"

"Umekatwa. Kwa baba, mteja akiifungulia redio sauti mpaka mwisho, inakoroma, na ukiitazama kwenye kioo kama hiki unakuta mawimbi yamekatwa vichwa. Amplifaya imezidiwa mzigo. Lakini wewe milio yako ni midogo, mwanangu. Kila mmoja mdogo. Mzigo unatoka wapi?"

Alikuwa na kikombe chake cha chai mkononi, na nilimwona anakitazama, akakiweka mezani polepole kana kwamba kimejaa mpaka mdomoni. Kilikuwa kitupu.

"Moja, mbili, tatu," alisema.

Haki ya Mungu nilielewa kabla ya Pasi, mimi wa stoo!

"Pasi, milio yako inaanza lini?"

"Inaanza... yote inaanza pamoja. Kwenye sifuri kamili."

"Na ya yule aliyekuachia programu?"

"Yake ilikuwa na safu ya namba za ovyo, Shangazi. Kila mlio unaanzia popote, huu hapa, huu pale, hovyo hovyo. Haikuwa na maana yoyote, wala hakuandika sababu. Kwa hiyo nili..." Akaishia hapo. Uso wake ulikunjika kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Shangazi akamweleza kikombe. Alieleza mbio mbio, mikono juu, miwani ya kichwani ikamwangukia begani: watoto tisa, miguu ile ile, wakitua kila mtu kwa wakati wake hakuna kinachoanguka, wakitua pamoja rafu inatikisika. Mawimbi mia moja ishirini na minane yakianza pamoja, yote yanasimama wima kwa pamoja, yanajumlika kuwa mwiba, amplifaya inashindwa kuubeba, inaukata. Na ikiukata inazalisha milio ya uongo, kelele zisizo za mtu, nazo zinawaangukia vihisi wenye sauti ndogo na kuwafunika. "Hawajafa!" alisema. "Wanafunikwa! Zile namba za ovyo ndizo zilizokuwa zinawazuia wasiruke pamoja! Umezifuta, au umezitupa kabisa?"

Hapa naomba msomaji anipe sekunde moja niutetee mpangilio, maana asubuhi ile uliaibika. Pasi hakuwa amezitupa. Pasi ni mtu wa mpangilio. Takataka za mwenzake alikuwa amezihifadhi kwenye faili lenye tarehe.

Saa tatu na nusu alianza kuzirudisha, vidole vinakimbia, shati limetoka kiunoni na hajui. Profesa akaingia, simu mkononi, namba ya mlimani imeshaandikwa. Akakiona kioo cha kijani, akamwona Pasi, akamwona Shangazi amesimama kama mama anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Alitazama saa, akasimama nasi.

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili Pasi akabonyeza. Kwenye kioo cha kijani mwiba ukatoweka! Badala yake kukawa na msitu mfupi mfupi wa mawimbi, fujo tupu, hakuna hata moja lililokatwa kichwa. Fujo nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona maishani. Kwenye skrini, mraba mmoja mwekundu ukawa kijani.

"Mmoja!" alisema Profesa.

Ukafuata mwingine. "Wawili!" Watatu, wanne, saba. Tukaanza kuhesabu kwa sauti wote wanne, kama watoto wa darasa la kwanza. Kumi na saba! Ishirini na mbili, lo, ndio hiyo, tumevuka mia nne na tisini! Profesa alikuwa anampiga Pasi mgongoni kwa kila namba. Thelathini! Mimi nilikuwa nimemshika mkono mtu na sikujua ni nani. Thelathini na tisa! Arobaini! Arobaini na moja, na hapo Pasi akaruka, Profesa akaruka, na mimi na mguu wangu nikaruka.

"Msiruke pamoja!" Shangazi akapiga kelele. "Friji!"

Tulicheka mpaka machozi. Profesa akapiga simu mlimani huku anacheka, wale wa upande wa pili wakafikiri amelewa asubuhi yote ile. Ndiyo, aliwaambia, ndiyo, ndiyo, mia tano na kumi.

Shangazi peke yake ndiye aliyerudi kwenye skrini. Miraba miwili ilikuwa bado miekundu. Alifungua daftari lake la mishono, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Hiyo miwili isikutie wasiwasi," Profesa alisema. "Kwenye mia tano kumi na viwili, viwili si kitu. Nitaandika kasoro za kiwanda."

"Usiandike hivyo."

"Shangazi..."

"Hivi viwili navikumbuka, mwanangu. Ilikuwa Jumatano moja ya kushona, baada ya chakula. Niliona mshono haukukaa vizuri, nikajiambia utashika. Haukushika." Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akaunyoosha mbele yetu wote, mchana kweupe. Kidole kikawa kinacheza. "Arobaini na moja si zangu. Mbili ni zangu. Andika hivyo hivyo."

Uso wake, nawaambia, haukuwa uso wa mtu aliyeumbuka. Alikuwa anatabasamu mpaka magego. Mishono elfu moja na ishirini na nne, na sasa aliijua yote: ipi ya kuiamini, ipi siyo. Profesa akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia kama alivyowahi kushikiliwa wa kwake siku ya lehemu.

"Kamera ijayo nani atakaa kwenye cherehani?" akauliza baadaye.

Shangazi akanyoosha kidevu kwa Pasi. "Huyo. Ana mkono uliotulia na anabana pumzi vizuri. Kitu kimoja tu nitamwongezea, fujo kidogo."

Mimi nilirudi stoo. Nikabandua lebo ya YA KUTUPWA, na kwa sababu ilikuwa na gundi nzuri, niliyoichagua mwenyewe, ilinichukua robo saa. Kisha nikafungua daftari, nikakata mstari juu ya "matumizi ya kawaida" na kuandika kilichotokea kweli. Usingizi wangu wa siku ile ulikuwa mtamu.

Miezi mitano baadaye picha ya kwanza ikaja kutoka mlimani. Wingu kubwa la vumbi la mbinguni, huko nyota zinakozaliwa, limewaka rangi ya chungwa na zambarau, na ndani yake vitone viwili vyeusi ambavyo hata mtoto angeviona. Profesa aliichapisha kubwa, akampa Shangazi ya kwake. Nikamsindikiza tena mpaka mlango wa buluu, kwa sababu nilitaka kuwapo.

Mama yake aliishika picha karibu kabisa na macho, akaipapasa kwa kidole ilhali karatasi haina cha kupapaswa. Alisifu rangi. Kisha kidole kikasimama.

"Na hapa je? Pana giza mara mbili."

"Hapo ni mimi, Mama," Shangazi alisema. "Hapo ndipo mkono wangu ulipotetemeka."

Mama mtu akatikisa kichwa taratibu. Sijui Shangazi alipatwa na nini, labda ni ule wepesi wa mtu aliyekwisha kulitua zigo moja akaona bora atue na la pili. Akaketi sakafuni karibu na kiti cha mama yake, mwanamke wa miaka sitini. "Na kile kikombe cha maua, Mama. Kile pia ni mimi. Mimi ndiye niliyewahesabia wenzangu."

Yule mzee hakushangaa hata kidogo. Aliweka picha mapajani, akaunyoosha mkono gizani mwake mpaka ukalipata shavu la binti yake.

"Najua," alisema. "Mlikuwa tisa mnacheka, lakini aliyesema moja, mbili, tatu ni wewe. Nilikuwa palepale nyuma ya ukuta, nasubiri siku utakayoniambia."